Kitako cha Bunduki ya Shabaha: Mninga wa Morogoro Mbele ya Kipimo

Katika mashindano ya kulenga shabaha kwa raifoli ya umbali wa mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4. Upana huo haufiki hata ule wa kidole gumba. Mlengaji anayetaka risasi yake iguse katikati, wala isiponyoke nje ya duara hilo, ana nafasi ya milimita 5.2 tu kila upande. Ikigawanywa kwa mita 50, nafasi hiyo ni pembe ya sehemu moja kati ya elfu kumi ya radiani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuikokotoa mwenyewe na kustaajabu, kwa kuwa pembe hiyo ni sawa na kuinua ncha moja ya fimbo ya mita moja kwa unene wa karatasi ya daftari.

Watu wengi wakiambiwa habari hiyo hufikiria mara moja mtutu wa chuma na jicho la mlengaji. Ni wachache wanaoufikiria ubao. Lakini mtutu na mtambo wa bunduki vimelazwa juu ya kitako, na kitako, tangu zamani, ni mbao. Chuma kilichochongwa kwa mashine hubaki kama kilivyochongwa. Mbao haifanyi hivyo. Hunywa maji kutoka hewani, huvimba, hukauka, husinyaa, hujipinda; na kila inapojipinda huusukuma mtutu kidogo. Msukumo wa kuupotosha mdomo wa mtutu kwa sehemu moja ya elfu kumi hauonekani kwa macho, ila shabaha huuonyesha.

Kwa sababu hiyo mlengaji wa Morogoro anayetaka kujengewa bunduki ya mashindano inayomfaa yeye mwenyewe ana maswali mawili: nani ataifanya kazi hiyo, na kwa mti gani. La kwanza ni suala la sheria na ufundi. La pili ni la sayansi ya misitu, na hapo Morogoro una bahati ambayo miji mingi haina.

Kazi ya kitako

Kitako hufanya kazi mbili zisizofanana. Kwanza hukiunganisha chuma na mwili wa mtu. Mlengaji mwenye mikono mirefu huhitaji kitako kirefu kuliko mwenzake. Mwenye shingo ndefu huhitaji mahali pa kuegemeza shavu palipoinuka zaidi. Umbali kutoka kifyatuo hadi mwisho wa kitako, kwa mtu mzima wa kimo cha kawaida, huwa karibu sentimita 33 hadi 35, lakini wastani huo ni kama wastani wa viatu: haumfai mtu ye yote hasa. Bunduki ya kiwandani hutengenezwa kwa mtu asiyekuwepo. Ndiyo maana katika mchezo huu, ambao umekuwamo katika Michezo ya Olimpiki tangu mwaka 1896, walengaji wa daraja la juu hutengenezewa vitako vyao au hutumia vitako vinavyorekebishika kila upande.

Pili, kitako hupokea kishindo. Kanuni ya tatu ya mwendo ya Newton husema kwamba risasi ikisukumwa mbele, bunduki nayo husukumwa nyuma kwa kani iliyo sawa. Risasi ndogo ya mashindano ya mita 50 ina uzito wa gramu 2.6 na huondoka kwa mwendo wa karibu mita 330 kwa sekunde. Bunduki ya kilo 5 hurudi nyuma kwa mwendo wa sentimita 17 tu kwa sekunde, teke dogo kabisa. Lakini katika shabaha ya mita 300, risasi ya gramu 10 inayokwenda mita 800 kwa sekunde huirudisha bunduki ile ile kwa mita 1.6 kwa sekunde, bila kuhesabu gesi za baruti. Teke hilo lote hupita katika jino dogo la chuma lililo chini ya mtambo, likaingia katika mbao. Mbao ikiwa laini, jino huitafuna taratibu. Baada ya risasi mia kadhaa chuma huanza kucheza ndani ya kitako chake, na alama kumi huwa ndoto.

Mti wa kitako basi watakiwa uwe na sifa zinazogombana. Uwe mgumu wa kustahimili jino la chuma, lakini usiwe mzito wa kumchosha mlengaji. Uchongeke kwa patasi na tupa, lakini usipasuke penye shingo nyembamba nyuma ya kifyatuo. Na juu ya yote, utulie.

Bunduki na mafundi wa Uluguru

Bunduki si ngeni chini ya milima hii. Katika karne ya 19 Kisabengo alijenga ngome karibu na mahali ulipo mji wa leo, kwenye njia ya misafara itokayo Bagamoyo, na mji huo ukajulikana kwa jina la binti yake, Simbamwene. Henry Morton Stanley aliupita mwaka 1871 na akaziandika habari za kuta zake. Misafara ilileta vitambaa na shanga, ilileta pia bunduki za kushindiliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado wana bunduki za Mauser za mfano wa mwaka 1871, zilizotoa moshi mzito uliowaonyesha walipo. Vikosi vya Waingereza viliingia Morogoro Agosti 1916, navyo vilikuja na bunduki zao. Nyingi za bunduki hizo, za pande zote mbili, zilikuwa na vitako vya mti wa jozi, na joto na mvua za Uluguru na Rufiji zilivifanyia mtihani ambao watengenezaji wake hawakuutazamia.

Vijijini umebaki ufundi mwingine: ule wa gobore. Wakulima wa milimani husumbuliwa na nguruwe-mwitu na nyani, na kwa vizazi vingi wahunzi wa sehemu nyingi za Tanzania wametengeneza na kukarabati bunduki za kushindilia. Ni haki kusema kwamba wengi wa wahunzi hao wana mkono mzuri wa mbao. Vitako vyao vimechongwa kwa tezo na kisu tu, na hukaa vizuri begani. Lakini mtutu wa gobore aghalabu umetokana na bomba lililokusudiwa maji, si shinikizo la baruti. Ndani ya chemba ya bunduki ya kisasa, hata ile ndogo ya mita 50, shinikizo hupita mara elfu moja ya shinikizo la hewa ya kawaida. Bomba la maji halikutengenezwa kwa jambo hilo. Likipasuka, hupasukia karibu na uso wa mpigaji. Ndiyo maana polisi wamekuwa wakiendesha kampeni za kusalimisha magobore kwa hiari. Mlengaji wa shabaha hana la kutafuta huko.

Sheria nayo imeifunga njia hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, inataka kibali kwa mwenye kumiliki silaha na kibali kwa mwenye kuitengeneza au kuikarabati. Kwa hiyo mlango wa kwanza wa mlengaji ni ofisi ya polisi inayosimamia silaha, na mlango wa fundi ni wa pili. Hapo ndipo huelezwa nani anaruhusiwa kuishika bunduki hiyo na kwa kazi gani. Mji wa Morogoro ndiko liliko pia Shirika la Mzinga, lililoundwa mwaka 1974, ambalo kazi yake ni ya silaha na risasi. Ujuzi wa chuma basi haukosekani mjini; uchache uko katika ujuzi wa kuunganisha chuma hicho na mbao kwa usahihi wa sehemu za milimita.

Inafaa kukumbuka jambo moja ambalo walengaji wengi hulisahau. Kitako kitupu, bila mtutu wala mtambo, ni kazi ya useremala. Uchaguzi wa ubao, ukaushaji wake na uchongaji wa umbo la nje vinaweza kufanywa na seremala hodari. Bunduki yenyewe haihitaji kutoka mikononi mwa mwenyewe na fundi mwenye kibali mpaka siku ya kuulaza mtutu.

Kwa nini mbao hucheza

Mbao ni mkusanyiko wa mirija midogo sana, iliyolala kwa urefu wa shina. Mti ukikatwa, maji yaliyojaa ndani ya mirija hutoka kwanza, na mbao haibadiliki umbo. Yakiisha hayo hubaki maji yaliyoshikwa katika kuta za mirija yenyewe, ambayo ni karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu. Kuanzia hapo kila tone linalotoka huzifanya kuta ziwe nyembamba, na ubao husinyaa.

Lakini hausinyai sawasawa. Kwa urefu, badiliko ni dogo mno, aghalabu chini ya sehemu tatu za elfu moja. Kwa kukata pete za ukuaji, yaani kutoka kiini kwenda ganda, ni asilimia kadhaa. Kwa kuzifuata pete hizo ni karibu mara mbili ya hiyo. Tofauti hii ya mara mbili ndiyo inayoupinda ubao uliokatwa ovyo, ukawa kama kigae.

Hewa ndiyo inayoamua mbao itulie wapi. Katika unyevu wa hewa wa asilimia 65, mbao nyingi hutulia zikiwa na maji asilimia 12. Unyevu ukipanda hadi asilimia 85, hupanda hadi karibu 18. Ukishuka hadi 40, hushuka hadi 7 au 8. Sasa Uluguru ni kama maabara ya jambo hili. Miteremko ya mashariki, upande wa Kinole, hupokea upepo wa bahari, na sehemu zake nyingine hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka. Ng'ambo ya kilele, upande wa Mgeta, mvua haifiki nusu ya hiyo. Mlengaji anayefanya mazoezi Morogoro mwezi wa Aprili, kisha akashindana Dodoma mwezi wa Septemba, anakisafirisha kitako chake kutoka hali moja ya hewa hadi nyingine kabisa kwa safari ya siku moja ya basi.

Chukua kitako chenye upana wa milimita 50 chini ya mtutu. Ikiwa mti wake husinyaa asilimia 8 tangu ubichi hadi ukavu kabisa, basi badiliko la maji la asilimia 6 litaubadilisha upana huo kwa karibu milimita 0.8. Ikiwa mti husinyaa asilimia 3 tu, badiliko ni milimita 0.3. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa kuliko nafasi nyembamba ambayo mafundi wengi huiacha kati ya mtutu na mbao. Katika kitako cha kwanza mbao itaugusa mtutu. Katika cha pili huenda isiuguse.

Mazoea ya mti wa jozi

Vitabu karibu vyote vya ufundi huu vinasema kitako ni cha mti wa jozi. Ni mti mzuri, mgumu wa kiasi, wenye uzito wa karibu kilo 640 kwa mita ya ujazo, na mistari yake hupendeza. Lakini sababu kubwa ya umaarufu wake ni kwamba uliota karibu na mafundi wa bunduki wa Ulaya. Katika kusinyaa si mti wa ajabu; uko kati ya miti ya kawaida.

Australia ililigundua jambo hilo mapema. Kiwanda cha serikali cha Lithgow, kilichotengeneza bunduki za .303 kwa jeshi la nchi hiyo, hakikuwa na mti wa jozi wa kutosha. Wataalamu wake wakapima miti ya kwao, wakachagua Flindersia brayleyana kutoka Queensland, na baadaye Ceratopetalum apetalum. Mti huu wa pili ulikuwa mwepesi na ulichongeka vyema, ila ulionekana laini mno pale chuma kinapopiga kwa kishindo. Hawakuutupa. Waliweka vibati vidogo vya shaba mahali pale pa kupigwa, na vitako hivyo vikapita Vita Kuu ya Pili. Waliujua udhaifu wa mti wao mahali ulipo, wakautibu mahali hapo hapo.

Miti ya Morogoro

Mpingo hutajwa wa kwanza na kila mtu, na ndio usiofaa. Uzito wake hupita kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, huzama majini. Kitako chenye ujazo wa lita mbili na nusu kingekuwa na uzito wa kilo tatu na zaidi kabla chuma hakijawekwa, na shingo yake ingeweza kukatika kama bunduki ingeanguka. Kipande kidogo chake kwenye ncha ya mbele, kwa pambo, hakina ubaya. Kazi kubwa ya mpingo iachiwe wapiga zumari wa Ulaya na wachongaji.

Mkongo ni imara na hutulia vizuri, ila nao ni mzito. Mvule huficha ndani yake vijiwe vya chokaa vinavyoharibu makali ya randa, na fundi akikutana navyo karibu na mahali pa kulaza chuma hujuta. Mtiki hupatikana kwa wingi: shamba la serikali la Mtibwa, karibu na Turiani, na mashamba ya bonde la Kilombero yote yamo katika mkoa huu huu. Hutulia vizuri na uzito wake ni wa wastani. Dosari zake ni mafuta yanayokataa gundi isipopanguswa vizuri kabla, na chembe za silika zinazokula makali. Kwa mlengaji asiye na fedha nyingi mtiki ni chaguo la heshima, na una faida ya kuwa zao la shamba linalopandwa tena.

Kisha kuna mninga. Kila nyumba ya Kitanzania yenye uwezo kidogo imewahi kuwa na kitanda au meza ya mninga, na kwa sababu ya mazoea hayo watu husahau jinsi mti huu ulivyo wa pekee. Uzito wake ni karibu ule ule wa mti wa jozi, kilo 600 hadi 650 kwa mita ya ujazo. Huchongeka kwa mkono, hushika skrubu bila kupasuka, hauliwi upesi na mchwa. Lakini sifa yake kuu ni utulivu. Kusinyaa kwake tangu ubichi hadi ukavu hakufiki nusu ya kule kwa mti wa jozi. Ni miongoni mwa mbao zinazocheza kidogo kabisa zinazouzwa duniani. Maseremala wa Tabora na Morogoro huijua sifa hii bila kipimo: mlango wa mninga haukwami masika.

Hauna dosari? Unazo. Nyuzi zake mara nyingi hupishana, tabaka moja likiinamia kulia na jingine kushoto, na randa ikienda kinyume hung'oa vipande. Vumbi lake huwasha pua, na kwa baadhi ya watu huleta kubanwa kifua. Anayeupiga msasa afunge kitambaa usoni na afanyie kazi penye upepo. Tena rangi yake haitabiriki, kutoka hudhurungi ya dhahabu hadi nyekundu ya damu, jambo lisilomhusu mlengaji lakini linalowahusu wale wanaouza vitako kwa uzuri wake. Mbao nyeupe ya nje, iliyo karibu na ganda, isitumike kabisa, kwa kuwa wadudu huitoboa.

Kuuchagua na kuukausha ubao

Ubao wa kitako hutakiwa uwe na unene wa milimita 55 hadi 60 na urefu wa karibu mita moja. Jambo la kwanza la kutazama si rangi bali ncha yake, zinakoonekana pete za ukuaji. Pete zisimame wima zikitazamwa kutoka mbele ya bunduki, ili mchezo mkubwa wa mbao uwe wa kwenda juu na chini, na ule mdogo uwe wa kulia na kushoto. Kisha zitazamwe nyuzi za ubavuni: ziende sambamba na mtutu mbele, na penye shingo zifuate mteremko wa shingo. Nyuzi zikiikata shingo mshazari, kitako hicho kitavunjika siku moja, hata kama ni cha mninga.

Ukaushaji ni suala la subira. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kivulini kwa kila milimita 25 za unene. Ubao wa kitako basi huhitaji miaka miwili na zaidi. Ncha zake hupakwa rangi au nta, kwa sababu maji hutoka upesi zaidi nchani kuliko ubavuni, na ncha zikitangulia kukauka hupasuka. Tanuri la kukaushia hufupisha muda huo, endapo joto linaongezwa polepole.

Kuna njia ya mkato iliyo halali. Mabao manene ya mninga kutoka katika samani au nyumba za zamani yamekauka kwa miaka thelathini au arobaini na yameyaona masika yote hayo. Kitanda kibovu cha babu huenda kina ubao bora kuliko wo wote ulioko dukani. Tatizo ni unene, na misumari. Sumaku ipitishwe kabla ya msumeno.

Ubao ukauke kiasi gani? Hapo darasa lo lote la fizikia au kemia linaweza kusaidia. Kata kipande cha milimita 20 kutoka ubao ule, si kwenye ncha kabisa bali ndani kidogo, ukipime kwenye mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kiweke katika oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi, ukipime tena kila baada ya saa chache mpaka uzito usishuke tena. Kama mwanzo kilikuwa gramu 46.0 na mwisho gramu 40.0, maji yaliyokuwamo ni gramu 6.0, na ikigawanywa kwa uzito mkavu ni asilimia 15. Ubao huo bado. Kwa Morogoro asilimia 12 ni lengo jema. Jaribio hili linaweza kuendelezwa: vipande viwili vya ubao mmoja vipelekwe, kimoja shule ya upande wa mashariki wa Uluguru na kingine shule ya mjini, vipimwe uzito na upana kila Jumatatu kwa mwaka mzima, na matokeo yachorwe kwenye karatasi ya grafu. Vipande vya mninga, mtiki na msonobari vikifuatana pamoja, tofauti za miti hiyo zitajionyesha zenyewe.

Walimu wanaotaka kwenda mbali zaidi wako karibu na wataalamu. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, kilichoanzishwa mwaka 1984 kutokana na kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichokuwa Morogoro, hufundisha misitu na matumizi ya mbao. Na Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1980, ina makao yake makuu mjini humo.

Kumpima fundi

Mlengaji atamjuaje fundi mzuri? Aanze na kibali, bila hicho mazungumzo yameisha. Baadaye amsikilize anavyouliza. Fundi anayeanza kwa kuuliza bei na rangi ya vanishi huenda ni mwuzaji mzuri. Yule anayemwambia mteja ashike fimbo kama anavyoshika bunduki, afumbe macho, ailete begani mara kumi, kisha akampima mkono na shingo, huyo anakijua kitako. Na fundi atakayesema ubao huu haujakauka, rudi baada ya miezi sita, afuatwe hata kama yuko mbali.

Kazi ngumu kuliko zote ni kulaza chuma. Mtambo haukai juu ya mbao kama sahani juu ya meza. Lazima uguse kila mahali unapotakiwa kugusa, na usiguse pengine. Fundi wa mtindo wa zamani hupaka masizi kwenye chuma, akakilaza, akakiinua, akachonga palipopata weusi, akarudia mara hamsini au mia. Wa siku hizi huchonga nafasi kubwa kidogo, akaijaza gundi ya epoksi yenye unga wa chuma, akakilaza chuma kilichopakwa nta. Gundi ikikauka huwa na umbo la chuma hicho hasa. Njia hii hutibu pia ulaini wa mbao mahali pa kishindo, kama vile vibati vya Lithgow. Mtutu wenyewe huachwa uelee: kipande cha karatasi kipitishwe kati yake na mbao kutoka ncha hadi karibu na chemba bila kukwama. Mteja asione haya kuomba karatasi hiyo ipitishwe mbele yake, tena arudie masika na kiangazi.

Mwisho kabisa hupakwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya jembamba. Mafuta hayazuii unyevu kuingia; huuchelewesha tu. Sehemu za ndani, zisizoonekana, ndizo zinazosahauliwa, na ndizo zinazokunywa zaidi.

Itasemwa kwamba walengaji wengi wa kimataifa wameiacha mbao, wakahamia alumini na plastiki yenye nyuzi za kioo. Ni kweli, na sababu yao ni hiyo hiyo ya utulivu. Lakini kitako cha alumini huagizwa ng'ambo kwa fedha za kigeni, na hakirekebishwi kwa patasi.

Mninga wenyewe haupatikani kwa wingi kama zamani. Mwaka 2022 mataifa yalikubaliana kuiweka jamii yake yote ya Afrika, pamoja na jamii ya mkongo, katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, hivyo mbao zake haziwezi kuvuka mpaka bila kibali. Nchini pia uvunaji wake ni wa leseni, na mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa hati za ubao anaouziwa. Katika msitu wa Kitulangalo, kando ya barabara ya Dar es Salaam, kama kilomita 50 kutoka Morogoro, wanafunzi wa misitu huuona mninga ukiwa katika hali yake ya porini. Tunda lake ni bapa, la mviringo, lenye manyoya magumu katikati. Mche ukichipua, sehemu ya juu hufa kila kiangazi, ukachipua tena mvua zikija, kwa miaka kadhaa, hata kumi, huku mzizi ukinenepa chini. Halafu mwaka mmoja hupanda juu moja kwa moja na kuuacha moto wa nyasi chini yake. Kutoka hapo hadi kupata shina la kutoa ubao wa kitako ni miongo mingi.